Mizani ya muchele

Bibiche, soma hii peke yako. Anselme amenipima leo ku mizani ya muchele! Mimi, bibi yake!

Nilimupelekea chakula ku depo, kule anafanyaka kazi ya karani. Akanipandisha mbele ya rafiki zake, akasoma kwa sauti: «Kilo makumi nane na saba!» Kama gunia, Bibiche. Wakacheka.

Alafu akasema: «Gertrude, mafuta inatokaka mu sahani. Punguza.»

Mu sahani! Yeye, mwenye tumbo inamutangulia ku mulango!

Bon. Masomo ya foyer, kule wanafundishaka wamama mapishi, niko nayo mu kichwa: fufu ya ngumi moja, majani nusu sahani, samaki ya kuchemsha, mawese kidogo, pombe hapana, kutembea kila siku. Pole pole, bila kujinyima chakula.

Donc magaribi nimepika vile. Kwa sisi wawili.

Akauliza: «Fufu ingine iko wapi?» Nikamujibu: «Papa, tunakulaka mu sufuria moja.»

Velo yake nimeifungia mu chumba. Kesho atakwenda kazi na miguu.

Kisha miezi mitatu tutarudi ku mizani. Rafiki zake nitawaita mimi mwenyewe. Atapanda yeye wa kwanza, na nitasoma mimi, kwa sauti.