Sahani Niliyoitupa

Mdogo wangu Nekesa,

Unakumbuka ulivyokuwa hukubali kula kama sijakaa kando yako? Mama akishapakua, unanuna tu, unaningoja nirudi kutoka mtoni. Nilikutania sana kwa hilo.

Leo sina utani. Nakuandikia kuhusu ile wiki uliyomleta mwanao Nafula hapa Kitale, mwaka mmoja tu, shingo imekakamaa, analia akiguswa. Chanjo ya homa ile ya uti wa mgongo ilikuwa bado haijatufikia. Maji ya uti wake wa mgongo yaliletwa maabara nikiwa zamu. Nilikwambia nitayapima mwenyewe.

"Kama ni wewe unapima, dada, mimi sina wasiwasi," ukasema.

Niliyapanda kwenye sahani ya damu, ile ya kuoteshea bakteria. Kesho yake nikakuta doa kubwa la manjano, bakteria wa ngozi, pengine wa vidole vyangu mwenyewe. Vitone vidogo mno vilikuwa vimelizunguka. Kwingine hapakuwa na kitu. Tulifundishwa kwamba sahani iliyochafuka haisomwi, basi nikaitupa, nikaandika kwamba hakuna jibu. Daktari akaendelea na dawa ileile aliyoanza nayo siku mbili zaidi, mpaka alipoona mtoto anazidiwa akaibadilisha.

Mwaka jana nilikwenda mafunzoni Bungoma. Mwalimu alipanda bakteria wa ugonjwa ule ule, kisha katikati akachora mstari wa wale wa ngozi, makusudi kabisa. Alitueleza kwamba hawa wadogo hawawezi kujitengenezea kila kitu cha kuwakuza. Kuna kirutubisho ambacho jirani hukitengeneza na kukimwaga, kwa hiyo kwenye sahani ya namna ile huota karibu naye tu. Asubuhi vile vitone vilikuwa pale, kando ya mstari.

Labda Nafula angepoteza kusikia hata kama ningeisoma sahani ile. Nimejiambia hivyo mara nyingi na bado siamini.

Krismasi iliyofuata nilipokuja Bokoli ulirudia mbele ya wageni kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nafula akanionyesha jina alilonipa kwa ishara, ngumi mbele ya jicho kama darubini, nawe ukanitafsiria: anayeona vidogo. Nikacheka pamoja nanyi.

Niliviona, Nekesa. Niliviona nikavitupa. Ukimaliza kusoma, mweleze kwa mikono yako, maana yangu haijui maneno hayo. Akinibadilishia jina, nitalipokea.

Ni mimi,
dada yako