Chuma Kililia Jumapili

Misheni, upande wa Kapkatet
3 Machi 1936

Kwa shemeji yangu Nyaberi,

Pokea salamu nyingi, zangu na za dada yako Yunia. Sisi ni wazima. Mvua imeanza kutunyeshea kila alasiri, na mtoto ameota meno mawili ya chini, anamuuma kila anayempakata. Wewe je? Kile kifua kimepoa? Baridi ya asubuhi huko Konoin haina adabu, vaa lile koti.

Sasa sikia habari yangu. Nimepewa somo jipya kwa vijana wa darasa la juu, wale wanaotayarishwa kuwa walimu. Linaitwa elimu ya nafsi. Ni kujua akili ya mtu inafanyaje kazi: kwa nini tunakumbuka hili na kusahau lile, hofu inatoka wapi, mazoea yanatushikaje. Padri alilisoma kwao ujanani, akanipa kitabu chake, akasema mwalimu asiyejua akili ya mtoto anapiga kelele tu.

Lakini bwana meneja wenu wa shamba la chai alipita hapa wiki jana. Unajua yeye ndiye anatupatia mbao za madawati. Akauliza ninafundisha nini, nikamwambia. Alicheka mpaka akashika mlango! Akasema hawa wafundishwe kupiga randa, mambo ya akili waachiwe wenye nazo. Nilikuwa nimesimama pale pale na chaki mkononi, Nyaberi, na wanafunzi wangu wanasikia. Basi nimeapa, somo hili nitalifundisha hata nikibaki na mwanafunzi mmoja.

Jana nilikuwa kwenye sura ya mazoea. Niliwaeleza juu ya mtaalamu mmoja wa Ulaya aliyekuwa akimpigia mbwa kengele kila anapompa nyama. Siku moja akapiga kengele bila nyama, na mbwa akatokwa na mate vile vile. Vijana wakacheka sana. Halafu mmoja wao, ambaye baba yake anachuma chai huko kwenu, akainua mkono: "Mwalimu, na chuma kinachopigwa kambini kuita watu kazini je?" Nikawaambia waende wakalifikirie. Hata mimi ninalifikiria mpaka sasa.

Ni mimi shemeji yako,
Kepher Ogola


Kambi ya Chai, Konoin
14 Machi 1936

Shemeji Kepher,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Kifua kimepoa, ila koti limeliwa na panya mkono mmoja, kwa hiyo ninapata joto upande. Msalimu mtoto, mwambie mjomba anataka aumwe na yeye.

Lakini wewe mwalimu, ati mbwa! Yaani umewaweka watoto wa watu kwenye madawati uwaambie baba zao ni mbwa? Wacha hiyo. Mimi ndiye nyapara hapa, chuma hicho ninakipiga mimi kila kunapokucha, tena ninakipiga na nyundo ya marehemu baba aliyokuwa akifulia majembe. Hicho kipande cha reli walikitundika wao wa kampuni, lakini nyundo ni yangu, inalala uvunguni mwa kitanda changu na hakuna anayeigusa. Kwa hiyo mambo ya chuma usinifundishe.

Watu wanaamka kwa sababu wanajua kazi ipo. Mtu ana akili, anapima. Kikilia siku isiyo ya kazi, nani atatoka? Mimi? Hata kikipigwa Jumapili saa ya chakula, nitabaki kwenye kigoda changu nimalize ugali wangu, halafu niulize ni mwehu gani amekigusa. Mwambie huyo kijana wako hivyo, na umwambie ni Nyaberi amesema.

Mwache Yunia aje kunitembelea, ana muda hajaniona. Aje na unga wa wimbi, huu mweupe wa kambini umenichosha. Barua yako msomee kwa sauti, na hii yangu pia, acheke kidogo. Najua atakuwa upande wangu.

Mimi shemeji yako mkubwa,
Nyaberi


Kambi ya Chai, Konoin
23 Machi 1936

Kepher,

Salamu. Mimi si mzima. Mwili ni mzima lakini mimi si mzima.

Jana Jumapili tumetoka kanisani, kila mtu yuko mlangoni kwake, wanawake wanasukana nywele, sufuria ziko motoni. Yunia alikuwa amenipikia ugali wa wimbi na mrenda, akaniwekea, akasema anaenda kuteka maji. Nimekata tonge la pili, chuma kikalia.

Kepher, nilikimbia! Mimi! Nilipata akili nimesimama mbele ya safu za chai, fimbo mkononi, koti la Jumapili limenibana, ninapiga kelele "haraka, haraka" na tonge bado liko mdomoni. Kambi nzima ilikuwa nyuma yangu na vikapu mgongoni. Dada mmoja alikuja na nywele zimesukwa upande mmoja. Mzee Arasa alikuwa ameshaanza kuchuma, amejaza kiganja, ndipo akageuka akaniuliza: "Nyapara, leo si Jumapili?" Hata bwana meneja alitoka mbio nyumbani kwake, kile kitambaa cha mezani kinaning'inia shingoni, akitaka kujua kwa nini hatujaanza.

Halafu watu wakaanza kucheka. Wakanicheka mimi, wakajicheka na wao wenyewe, mpaka wengine wakakaa chini. Meneja hakucheka. Leo asubuhi chuma nimekipiga na hakuna aliyekimbia. Walitoka polepole, wakitafuna, wanatazamana. Hawakuchelewa, lakini hawakukimbia. Meneja amesimama pale uso umewiva.

Anasema ni wewe, ati umetuma wanafunzi wako kuja kuchezea watu wake. Na mimi nasema hivyo hivyo! Umenivua nguo mbele ya watu ninaowasimamia. Mimi niliyekaa na baba yako kupanga ndoa yenu, leo nimekuwa mbwa wa kufundishia. Umefurahi?

Nyaberi
(leo sina neno la ushemeji)


Misheni, upande wa Kapkatet
31 Machi 1936

Kwa shemeji Nyaberi, hata kama hutaki nikuite hivyo,

Salamu, na pole kwa tonge lile. Yunia amefika salama. Mtoto anaendelea na kuuma.

Nimekusikia, na hasira yako ninaikubali. Lakini samahani ya uongo sitakupa. Sikumtuma mtu. Hao vijana wangu siku hiyo walikuwa hapa misheni wakiimba mbele ya macho ya Padri, tangu ibada mpaka jioni. Aliyepiga ninamjua, ameniambia mwenyewe kwa mdomo wake, na hakuona haya hata kidogo. Jina lake sitaliandika, kwa sababu wewe na mimi tunajua karani wenu hufungua barua. Karani, kama unasoma hapa, nakusalimu pia.

Unasema umekuwa mbwa. Nyaberi, kengele ya shule ikilia mimi hunyamaza katikati ya neno, chaki ikiwa hewani. Nimejitazama wiki nzima, ninajikuta nimenyamaza kabla sijataka. Kwa hiyo kama ni mbwa, tuko wengi, na bwana mwenye kitambaa shingoni yumo. Ubaya uko wapi? Mtu akishajua kamba inayomvuta iko wapi, ndipo anaweza kuamua kuifuata au kuiacha. Watu wako siku ya Jumatatu walienda kazini kwa miguu yao wenyewe. Ungejivunia hilo badala ya kunitukana!

Sasa shida iko hivi. Meneja amemwandikia Padri. Anataka nije kambini nisimame chini ya hicho chuma, niwaambie wachumaji kwamba niliwadanganya watoto wao na elimu hiyo haipo. Nikikataa, mbao hazitakuja tena, na mimi niondoke shuleni. Padri ananihurumia lakini anazitaka zile mbao. Akaniambia, "Kepher, ni maneno tu." Nikamjibu kwamba hata somo ni maneno tu, mbona yanaogopwa hivyo?

Sitasimama chini ya chuma. Heri nirudi kwetu ziwani nikachunge mbuzi wa mama yangu, nitawafundisha mbuzi.

Shemeji yako, utake usitake,
Kepher


Misheni, upande wa Kapkatet
18 Aprili 1936

Shemeji Nyaberi,

Salamu. Hujanijibu na ninaelewa kwa nini, lakini unanitia wasiwasi. Kifua kiko aje?

Padri ameniita leo. Meneja ameona kwamba bila shahidi maneno yake hayana miguu, kwa hiyo amesema nyapara wake ataweka sahihi kwamba mimi ndiye niliyeleta uchochezi kambini. Hiyo ikishafika, mimi nimeondoka. Nyapara wake ni wewe.

Sitakuomba usitie sahihi. Una watu wanaokutegemea huko kwenu Gusii, na nyumba unayolala ni ya kampuni. Ukitia, nitakula kwako tena siku moja na hatutalitaja. Ila sitakuongopea kwamba haitaniuma. Itaniuma sana. Na vijana wangu wataondolewa somo lao na kuambiwa ni kweli, akili waachiwe wenye nazo. Hilo ndilo linanichoma kuliko kazi.

Ninaendelea kufundisha. Tumefika kwenye hofu. Nimewaambia kwanza waniulize mimi ninaogopa nini, nikawajibu.

Yunia ameshindwa kukaa, anasema anakuja huko kesho hata kama mvua itamzoa. Hasikii la mtu. Mimi nimemwoa tu, tabia nilimkuta nayo.

Shemeji yako,
Kepher


Konoin, kwa mara ya mwisho
22 Aprili 1936

Shemeji yangu Kepher,

Salamu za nguvu. Mimi ni mzima, mwili na kila kitu. Barua hii anakuletea Yunia mkononi, kwa hiyo karani atakaa bila hadithi.

Nilijua zamani kwamba aliyepiga chuma ni Yunia. Jumapili ile ile jioni niliinama kutazama nyundo. Mimi huilaza mpini ukielekea ukutani, tangu niingie nyumba hii. Niliikuta mpini unanitazama mimi. Na nani mwingine alikuwa nyumbani mwangu? Nikakaa na hasira hiyo tumboni, nikaona heri nikutukane wewe, maana dada yangu nitamtukanaje? Alipofika juzi nikamuuliza, kwa nini ulinifanyia vile? Akasema, "Wewe ulisema utabaki kwenye kigoda. Nilitaka uone." Akaniangalia kama mama alivyokuwa akituangalia tukikataa kuoga. Kepher, nilicheka mpaka kifua kikarudi kuuma.

Jana nikaitwa ofisini. Karatasi iko mezani imeshaandikwa, kalamu imeshachovywa wino. Meneja akaniambia, weka sahihi hapa. Nikauliza inasema nini. Nikasomewa, mtu mzima, kama mtoto: ati mwalimu Ogola alituma wanafunzi wapige chuma. Nikasema, huo si ukweli, bwana. Akauliza, nani basi alipiga?

Nikasema, "Mimi."

Nikamwambia, nyundo ni yangu, inalala kwangu, hakuna anayeigusa, kambi nzima inajua. Nani mwingine atapiga? Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kujua. "Kujua nini?" Nikasema, kujua kama nikisikia chuma nitakimbia bila kufikiri. Na nilikimbia. Na wewe bwana ulikimbia, nikashangaa, kwa sababu wewe tuliambiwa unazo akili.

Hiyo ya mwisho ilitoka yenyewe, haki ya Mungu. Karani aligeukia ukuta mabega yakimtetemeka.

Nimefukuzwa, bila shaka. Nimeambiwa nitoke kabla jua la leo halijatua. Nikaingia uvunguni, nikatoa nyundo ya baba. Nyapara mpya alinifuata mlangoni ananiambia niiache, ni ya kampuni, leo atapigia nini? Nikamwambia reli ni yenu, nyundo ni yangu, pigeni na vichwa. Wachumaji walikuwa wanapita na vikapu. Mzee Arasa akaniinulia mkono, na wengine nao.

Nilisema uongo, najua, na wewe ni mtu wa kanisa. Usinihubirie. Ukweli ningeusema kwa mtu aliyekuja kuutafuta.

Ninaenda nyumbani kulima. Vijana wako waambie kwamba jibu la lile swali la chuma ninalo.

Shemeji yako,
Nyaberi


Misheni, upande wa Kapkatet
4 Mei 1936

Shemeji Nyaberi, mkubwa wangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Sisi ni wazima. Yunia anatembea kifua mbele siku hizi, sijui nani atamshusha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikashindwa kuketi. Nililia, ninakuambia wazi, na dada yako akaniona na hakunicheka. Sikukuomba utoe kazi yako. Sitajua namna ya kukushukuru, na kwa vile ninakujua utakataa, naishia hapo.

Padri aliniita. Karatasi haikuja, shahidi amesema ni yeye mwenyewe aliyepiga, kesi hamna. Nimebaki. Mbao hazitakuja tena, vijana wanakaa chini, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Padri akanisihi jambo moja tu: meneja akipita asilione neno "nafsi" kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni. Nikamwambia sawa, Padri, andika utakalo. Sasa kipindi kinaitwa useremala. Tunashika randa, tunaiweka katikati ya darasa, tunaendelea na sura ya kumbukumbu.

Nimewasimulia vijana kuhusu wewe. Hawaniamini. Wanasema hakuna nyapara wa namna hiyo. Kwa hiyo ukimaliza kupalilia, njoo uwafundishe mwenyewe siku moja: ulivyoapa, ulivyokimbia, na ulivyosimama. Mimi nitakaa nyuma na kusikiliza.

Na njoo na nyundo. Somo la useremala bila nyundo, watu watatushuku.

Shemeji yako,
Kepher