Mbuzi wa Maziwa wa Mzee Ekai

Kakuma, Turkana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na hiyo baridi ya Taita, na kwamba unakula vizuri. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenikaanga hadi ukiniona utauliza huyu ni binti wa nani. Ningekupigia simu, lakini mtandao unakatika kila mara, na ninalotaka kukuambia halifai kukatikakatika.

Unakumbuka nilikuambia kuna wazungu waliochangishana huko kwao ili tujengewe madarasa mawili? Basi walikuja kuyaona. Walishukia Lodwar kwa ndege, wakafika shuleni kwetu, ng'ambo ya mto mkavu, wamejaa vumbi na vicheko. Nakiru, yule msichana wangu wa darasa la sita ninayekusimulia kila mara, ndiye aliyechaguliwa kuwakaribisha kwa shairi. Mtoto yule ana kichwa, Mama. Anataka kuwa nesi, na babake, Mzee Ekai, alikuwa amekubali asiozwe hadi amalize shule.

Sasa huku, mtoto wako akipewa heshima kama hiyo, wageni ni wako, na mgeni hupokewa kwa mbuzi. Lakini kiangazi kimekuwa kikali. Mifugo yote ilikuwa imepelekwa mbali, kuelekea mpaka wa Uganda, kutafuta malisho. Nyumbani kwa Mzee Ekai walibakiza mbuzi mmoja tu wa kukamuliwa, kwa ajili ya kitinda mimba wao. Mbuzi wa namna hiyo hachinjwi. Nilimwendea Mzee nikamsihi, nikamwambia wageni hawa watafurahi hata kwa chai. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Mwalimu, hawa watu wametoka mbali kujengea mtoto yangu shule," akasema. "Mimi nitawapa maji ya moto?"

Asubuhi ile akamchoma mbuzi mkuki, kama ilivyo desturi ya huku. Nyama ikabanikwa, vipande vinono vikawekwa mbele ya wageni. Nao walikuwa wameonywa na kiongozi wao wasile chochote kisichotoka kwenye masanduku yao, wasije wakaharisha. Wakatabasamu, wakashukuru, wakaipiga picha, wakairudisha. Hawakuwa na ubaya, Mama. Mmoja wao, mama wa makamo, alilia machozi ya kweli alipomsikia Nakiru. Hakuna aliyewaambia yule alikuwa mbuzi gani, na Mzee alinikataza nisiseme, maana ingekuwa aibu kwake.

Alinivuta kando, akaniuliza polepole, "Nyama yangu iko na ubaya gani?"

Tulikula sisi walimu, lakini hakutuchinjia sisi.

Wageni walipoondoka, kitinda mimba alinyweshwa chai ya rangi hadi akadhoofika. Ikabidi familia nzima ihame, ifuate mifugo kule yaliko maziwa. Nilimwomba Mzee aniachie Nakiru niishi naye, akasema huko watahitaji mikono yake ya kukamua na kuchota maji. Nakiru alikuja kuniaga akiwa amevaa sweta aliyopewa na yule mama mgeni. Aliniuliza kama huko waendako kuna shule. Nikamwambia nitaulizia.

Nimeulizia, Mama. Hakuna. Na mifugo ikipungua, msichana wa umri wake hakai sana kabla ya kuozwa. Nililia mbele ya darasa zima, nikasingizia vumbi.

Jana mwalimu mkuu alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Wale wageni wamechangishana tena. Wanataka kumsomesha Nakiru hadi awe nesi, na wanaomba tuwatumie picha yake akiwa ameketi ndani ya darasa jipya. Mwalimu mkuu ameniachia mimi nijibu. Tangu jana nimeandika na kufuta.

Nisalimie kaka Mwakio na kabichi zake, na umwambie aache kuniulizia mchumba wa Kiturukana. Nisalimie shangazi Mghoi wa kwaya, na bibi, umshikie mkono kwa niaba yangu. Barua hii nitampa mwalimu mwenzangu anayekwenda likizo, ataitia posta akifika Lodwar.

Mama, wewe ndiye hutumwa na kanisa kupeleka habari za msiba kwenye nyumba za watu. Niambie, ukishabisha hodi na mlango ukafunguliwa, huwa unaanza na neno gani?

Mwanao akupendaye,
Wakesho