Wamepata Habari

Jumatatu, 8 Oktoba 2012. Lodwar

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida. Modemu iko dirishani, nimeifunga kwa uzi isianguke, maana ni hapo tu inaposhika mtandao. Saa moja na nusu jua linaanza kuchoma mabati na laptopu inanguruma. Saa mbili niwe masjala. Kwa hiyo kila siku nina saa mbili na kitu za kuwa mwenye tovuti. Zinazobaki mimi ni karani wa kutafutia watu mafaili.

Tovuti yangu, Kunanini, sasa ina miezi mitano. Wazo lenyewe si la ajabu: mtu ana tukio, analiandika, wengine wanajua. Wiki hii kuna harusi mbili, mechi, mkutano wa maombi na mnada wa mbuzi kule Lokori. Kila tukio lina kitufe cha Nitakuja. Nilikipaka kijani mwenyewe, nikakizungushia kona. Wiki nzima kimebonyezwa mara nne. Mara mbili ni mimi, nikijaribu kama kinafanya kazi.

Jumanne, 16 Oktoba

Adut ameandika kutoka Kakuma. Nakumbuka nilivyomkuta mwaka jana, ofisi iliponituma wiki tatu kufundisha kompyuta kambini kwa wakimbizi. Hata mausi alikuwa hajui kushika. Ametoka Sudan Kusini, anachaji simu za watu sokoni kwa jenereta, na siku hizi kati ya simu na simu anaandika programu. Katika darasa zima ndiye pekee aliyeendelea kunitafuta. Nilifurahi wakati huo. Kila mwalimu anapenda mwanafunzi wa kumtafuta.

Anasema watu wanakiogopa kitufe changu. Nanukuu: "Mwalimu, ukisema nitakuja alafu mtoto agonjwe, umekuwa mwongo. Watu hapa hawaahidi na simu. Shida yao ni ingine. Sherehe ikiisha, kila mtu anasema mimi sikuambiwa. Undugu inavunjika kwa hiyo sikuambiwa."

Anataka kitufe kitolewe, iwekwe orodha. Ukifungua ukurasa wa tukio, jina lako linaingia lenyewe chini ya maneno Wamepata Habari, pamoja na siku na saa. Mwenye simu ya mulika mwizi, isiyo na mtandao, anajibu SMS hata kwa herufi moja, naye anaingia. Halafu mwenye tukio anatumiwa ujumbe: fulani amepata habari.

Nimemjibu ajaribu. Naamini haitafaa. Tena nataka isifae. Daftari ni langu, nimdanganye nani?

Jumapili, 28 Oktoba

Imefaa.

Familia moja ya Kakuma ilitangaza ibada ya kumkumbuka baba yao. Majina yamejaa mpaka nikachoka kuteremka ukurasani. Wako hata watu wa Lokitaung, ambao sikujua kama mtandao unawafikia. Leo kanisani, baada ya matangazo, pasta alisema, "Mengine someni Kunanini. Na kule ukishasoma, usituambie hukuambiwa!" Watu wakacheka. Hakusema Kunanini ni ya nani. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na kitambaa kipya kichwani.

Kitufe changu cha kijani hakuna aliyekiulizia.

Nina wivu. Nimeuandika nikidhani utapungua. Siku hizi nikifungua ukurasa wowote nasoma juu tu, siteremki hadi kwenye orodha yake. Na huo ujumbe wa fulani amepata habari sijawahi kuupokea. Utanifikiaje? Natangaza sherehe za watu wote na mimi mwenyewe sina hata moja.

Jumamosi, 3 Novemba. Kakuma

Nimekuja na Ekai, dereva wetu, ambaye kila Jumatano hupeleka barua za ofisi huku. Leo alikuwa na safari ya ziada. Njia nzima vumbi na hadithi za mbuzi wake.

Banda la Adut: simu zimepangwa kwenye mbao, kila moja na kikaratasi chenye jina. Watu wakileta simu wanamsimulia na matukio yao, anayaandika palepale. Kumbe tovuti yangu inajazwa kwa mdomo.

Jirani yake ni fundi cherehani, Mkongomani. Akanipokea kwa mikono miwili: "Karibu mama! Weye njo musaidizi wa Adut kule Lodwar?"

Adut akaruka. "La, la! Huyu mwalimu yangu. Yeye ndiyo mwenye."

Fundi akasema pole sana, mama. Pole yake iliniuma kuliko kosa lenyewe.

Adut alinipa kiti, yeye akakalia jerikani. Akanipikia chai ya tangawizi, akanionyesha programu yake. Ni safi. Yangu ni kama droo za masjala, kitu kiko lakini ukipate kwa bahati. Nilikunywa chai yote, nikaongezewa, na muda wote huo nilikuwa namchukia. Hajanikosea lolote.

Alhamisi, 15 Novemba. Lodwar

Barua imeletwa ofisini kwa mkono. Wageni wa shirika moja la kompyuta kutoka Nairobi watakuwa Lodwar Jumamosi tarehe 1 Desemba kuangalia tovuti zilizoanzishwa huku. Wana nafasi moja ya mafunzo ya miezi sita, na kompyuta mpya. Moja. Na wameandika wazi kwamba wanataka kuonana na "aliyebuni orodha ya Wamepata Habari".

Wamesikia yuko kambini. Ndani ya bahasha wametia barua ya pili, yenye mhuri, ya kuombea kibali. Mkimbizi hatoki Kakuma kuja hata hapa bila kibali, na kibali kinataka barua yenyewe ya mwaliko, si nakala yake.

Nilimpigia Adut nikamwambia. Niseme ukweli: nilimwambia kwa sababu Ekai alikuwa nyuma yangu, ameshaisoma. Nikasikia Adut anamwambia mtu kwa lugha yao, kisha vigelegele. Vigelegele vya wanawake watatu au wanne, kwenye simu yangu.

Ndoto ya tovuti hii niliiota mimi. Modemu ni yangu, asubuhi zote ni zangu.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimefungua Kunanini kabla ya uji. Adut ameweka ukurasa wa siri, wa sisi wawili tu. Ameuliza ofisi ya kambi. "Barua ya kibali. Ifike Kakuma kabla ya Ijumaa tarehe 23, saa sita mchana. Mwalimu, Ekai anakuja Jumatano."

Nimesoma mara mbili. Nimefunga. Sikujibu.

Barua iko droo ya pili, chini ya orodha ya samani za ofisi. Hakuna mtu anayegusa orodha ya samani.

Jumatano, 21 Novemba

Ekai alipita mlangoni mwa masjala saa mbili na robo, funguo mkononi.

"Ejok, Madam," akanisalimu.

"Ejok."

"Hakuna kitu ya kupeleka Kakuma?"

Nilikuwa nimekaa. Goti langu lilikuwa limegusa droo.

"Hakuna."

Alisimama kidogo. Nadhani aliikumbuka barua. Lakini Ekai hamuulizi mtu mara mbili. Nilisikia gari linawaka, likazunguka, likaenda.

Alhamisi, 22 Novemba

Adut amepiga simu mara tatu. Sikushika. Leo bado kuna magari ya Kakuma, ningempa mtu yeyote bahasha ile. Sikumpa.

Ijumaa, 23 Novemba

Saa sita imepita. Nimekula wali na maharagwe kwa Mama Ekiru, nikaomba nyongeza. Nimekula vizuri. Hilo ndilo limenitisha.

Jumamosi, 24 Novemba

Nimemwandikia: mnara wa huku ulikuwa chini wiki nzima, ukurasa nimeuona leo, pole sana mdogo wangu, sikupata habari.

Amejibu: "Sawa Mwalimu. Mungu yuko. Wewe enda uongee vizuri."

Basi. Hakuna lawama. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nina majibu matano hapa, na hakuna hata moja lililotumika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naona inaendelea tu.

Jumamosi, 1 Desemba

Ukumbi wa hoteli, feni mbili, wageni sita. Nilivaa suti ya bluu. Niliongea vizuri, kama nilivyoagizwa.

Waliniuliza aliko mwenye orodha. Nikasema ni kazi ya pamoja, mwenzangu kibali kilimchelewa. Kilimchelewa! Kama vile kibali kina miguu yake.

Mgeni mmoja, mama wa miwani, aliuliza swali zuri: na mtu akisema hakuambiwa, na jina lake limo kwenye orodha, inakuwaje?

Nikacheka. Nikasema, "Anaaibika tu, mama."

Ukumbi mzima ukacheka nami. Makofi. Walisema jina langu wamelichukua, wataandika Januari. Nimetembea hadi nyumbani na viatu mkononi, mchanga wa moto, sikuusikia. Nafasi ni yangu.

Jumapili, 2 Desemba

Baada ya ibada nikafungua Kunanini nifute ule ukurasa wa siri. Umepitwa na wakati, nikajiambia. Kitufe cha kufuta kiko chini kabisa. Ili ukifikie lazima uteremke.

Wamepata Habari: Nafula. Jumatatu, 19 Novemba, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi.

Nafula ni mimi.

Uji niliokuwa nimeubandika jikoni uliungua.

Nilijua orodha inavyofanya kazi. Nimeieleza jana mbele ya watu, nikashangiliwa. Lakini kwa kukataa kuitazama nilifika mahali nikasahau kwamba inanitazama na mimi. Na mwenye ukurasa anatumiwa ujumbe palepale. Maana yake Jumatatu ile, kabla sijakunywa uji, simu ya Adut ililia: Nafula amepata habari. Alijua Jumatano gari lilipofika bila kitu. Zile simu tatu za Alhamisi hazikuwa za kunipa habari. Alikuwa ananipa nafasi. Na Jumamosi nilipomwandikia uongo wangu, aliusoma akiwa na ukweli kwenye simu hiyohiyo.

Sawa Mwalimu.

Sijui kama amenisamehe au amenidharau. Maneno yenyewe ni machache na nimeyageuza pande zote. Ukurasa sikuufuta.

Alhamisi, 6 Desemba

Sijala vizuri tangu Jumapili. Mama alikuwa na leso imeandikwa Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Alikuwa akinifunga nayo mgongoni nikiwa mdogo, nikalala fofofo. Sasa sketi zinanilegea.

Jumatatu, 17 Desemba

Nimewaandikia wale wageni. Nimeandika kwamba orodha ni ya Adut Deng, wazo na kazi. Kwamba barua yake ya kibali ilifika kwangu kwa wakati na niliiweka kwenye droo. Kwamba kibali hakikuchelewa, mimi ndiye niliyekichelewesha. Nilitaka kueleza sababu. Nikaandika aya nzima juu ya kitufe cha kijani, nikaifuta. Wao kitufe cha kijani kinawahusu nini?

Nikabonyeza kutuma kabla sijarudi kuwa mimi.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Kwaya, kuku, joto. Kunanini imejaa sherehe toka hapa mpaka Kakuma. Adut anaendelea kuirekebisha, naona kurasa zinafunguka haraka siku hizi. Salamu hajaleta. Zamani kila sikukuu aliniandikia wa kwanza.

Ijumaa, 11 Januari 2013

Bahasha imefika. Barua mpya ya mwaliko, mhuri, jina limeandikwa kwa ukamilifu: Adut Deng. Watarudi Lodwar Jumamosi tarehe 2 Februari kwa ajili yake. Kwangu kuna mstari mmoja: asante kwa kusema. Jina langu hawakulitaja tena.

Nimelia kidogo. Sehemu kubwa ya machozi ni toba. Sehemu nyingine ni ile kompyuta mpya. Nilidhani ukikiri wivu unatoka kama mwiba. Wangu bado upo, umekaa tu kimya, na nitaenda nao hivyohivyo.

Jumanne, 15 Januari

Leo nimeandika tukio langu la kwanza kwenye Kunanini. Miezi minane ya tovuti, na hili ndilo la kwanza. Ukurasa wa siri, mwalikwa mmoja.

"Nafula anakuja kuomba msamaha. Banda la kuchaji simu, Kakuma. Jumatano, saa tano asubuhi."

Nimetuma saa moja asubuhi, nikaenda kazini. Nikapanga mafaili. Nikayapanga tena. Saa tisa kasorobo simu ikalia mezani.

Adut amepata habari.

Nimengoja nyingine. Hakuna nyingine. Ndivyo alivyoitengeneza: inakuambia mtu amejua, haikuambii atakupokea. Ningetoa suti yangu ya bluu nipate kile kitufe cha kijani kwa dakika moja tu, akibonyeze.

Nimetoa barua zote mbili, ya zamani na mpya, nimezitia kwenye bahasha moja. Droo ya pili sasa ina orodha ya samani tu.

Jioni nimemfuata Ekai uani, alikuwa anaosha kioo cha gari. Nimemwambia aniwekee nafasi ya mbele kesho. Akasema sawa. Halafu akaniuliza, huku anafuta, bila kunitazama, "Kuna kitu ya kupeleka Kakuma?"

Nimesema kipo.