Kiu Unayonijia Nayo Mchana

Mama yangu uliyelala Jilore,

Umekuja tena leo. Nilikuwa nimetoka kazini Kikambala, mikono bado inanuka sabuni ya kufulia mashuka ya wageni, nikajitupa kitandani hapa chumbani kwetu Mtwapa na jua la saa nane likichoma mabati. Ukaja ukaketi kwenye kigoda karibu na mlango, leso begani, ukaniambia neno lilelile unaloniambia tangu mimba hii ilipoanza kuonekana: "Mwanangu, naona kiu."

Nikaamka na koo langu mwenyewe limekauka na mtoto anajigeuza tumboni. Nililia, Mama. Hofu ilikuwepo, lakini nililia pia kwa sababu nilikuwa nimekuona.

Mkweo anasema ni ndoto tu. Unamjua yule Mkamba wa watu, haogopi kitu duniani isipokuwa sahani ya sima uliyokuwa ukimpakulia. "Mama alikuwa na sukari," akaniambia. "Alikuwa na kiu hata akiwa hai." Na ni kweli. Hukutoka nyumbani bila chupa ya maji. Hata kanisani uliinywea nyuma ya mgongo wa mama aliyeketi mbele yako, ukidhani mchungaji hakuoni. Nikacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kwetu marehemu akija na kiu watu hawasemi ni ndoto tu.

Wewe ndiye uliyenifundisha hayo yanavyokwenda, ingawa uliyakataa. Marehemu huchongewa koma, kijiti kinachosimamishwa ardhini kwa jina lake, kikafungwa vitambaa, kikamwagiwa pombe ya mnazi na unga. Akiachwa hivihivi, huja ndotoni kudai. Asiposikizwa, wazee husema, huchukua kilicho karibu, na kilicho karibu zaidi ni mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi nimeshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ndiyo imefika mbali, na ndiyo uliyoijia na kiu yako.

Lakini ulituagiza. Ulikuwa umeketi kitandani hospitalini, miguu imevimba, ukasema tukuwekee msalaba basi, tusikumwagie kitu, kwa maana aliyekuahidi hatakuacha ukiwa hai hatakuacha ukiwa mchangani. Ulisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Tukakutii. Nilijivunia msalaba ule, Mama. Sasa nauota ukiwa na kiu.

Na je, ningeanzaje kuyasahau ya Kahindi? Nilikuwa binti mdogo ila nayakumbuka. Ndugu yangu alipopatwa na degedege, Baba alikuwa ameshafariki, na ukoo mzima ulikusanyika uani kwetu kukuambia kwamba Baba anamtaka mtoto, aridhishwe haraka. Ukamfunga Kahindi mgongoni ukampeleka hospitali, huku ukiomba kwa sauti njia nzima, nami nakufuata nyuma na viatu vyake mkononi. Uliniambia, "Mungu amesema, na akisema hageuki." Asubuhi yake tulirudi naye amefunikwa ile leso uliyombebea. Wanawake wakasema mbele yako, wala hawakunong'ona, kwamba ukaidi wa kanisa umemuua. Jumapili ukavaa, ukaenda ukaimba. Nilikutazama mdomo wako ukiimba nikawa sielewi. Niliogopa kukuuliza, nikaogopa zaidi kumuuliza Mungu.

Nilikuja kukuuliza nikiwa mtu mzima, mimba yangu ya kwanza ilipotoka. Ulikuwa umekuja kunitunza, unanisugua mgongo kwa maji ya moto. Nikakuambia ahadi za Mungu ni za watu wengine. Hukunikemea. Ukasema, "Mimi sikuahidiwa Kahindi, mwanangu. Niliahidiwa sitaachwa." Kisha ukaniambia ninyanyue mkono usugue kwapani, kana kwamba umesema habari za bei ya nyanya. Nimeyashika maneno yale. Lakini nilidhani ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuyumba, na mimi, Mama, nayumba kama kiti kibovu.

Basi Jumamosi nilikwenda Jilore. Mkweo sikumwambia ninaloliendea, nilisema naenda kupalilia kaburi. Baba mdogo Karisa, anayechonga koma za ukoo, alikuwa ananingoja. Nilikuwa nimempigia simu nikamweleza ndoto, naye hakushangaa wala hakufurahi kwamba hatimaye watu wa kanisa wamerudi mlangoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama tumbo, akanivutia kiti. Koma yako alikuwa ameshaichonga. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa vizuri juu ya ungo pamoja na unga, na mnazi umo kibuyuni.

"Sikulazimishi," akaniambia. "Mulungu ndiye mwenye mambo yote, hilo nalijua. Lakini mtu akilia kiu hupewa kinywaji. Hilo halina dini."

Nilisimama pale mbele ya msalaba wako, nikatazama kibuyu, na nakwambia ukweli, mkono wangu ulikitaka. Nilifikiri: ni mnazi tu. Nikikataa na mtoto akafa, nitaimba nini Jumapili? Mimi si wewe.

Nikamwambia hivyohivyo. "Baba, mimi si Mama. Mama hakuwahi kuogopa."

Akainuka, akanishika mkono kwa ule upole wake wa kumshika mja mzito kama anabeba mayai, akanipeleka upande wa pili wa boma, nyuma ya mihogo, alipozikwa Kahindi. Akainama akatenga majani. Palikuwa na kijiti kifupi, kimeliwa na mchwa nusu, na shingoni mwake uzi wa kitambaa usiojulikana tena rangi.

"Mama yako ndiye aliyenitaka niisimamishe," akasema. "Mwaka uliofuata mazishi. Alikuja mwenyewe, mchana kama huu. Akaniambia anamwota mtoto analia baridi."

Aliniketisha chini. Nilimuuliza kama ulimwaga mnazi. Akasema ulimwaga yeye akiwa amekushika kiganja, na ulilia hadi ukakaa pale nilipokaa mimi. Ukamsihi asimwambie mtu. Amekutunzia siri yako miaka yote hiyo, mtu uliyekuwa ukimwombea hadharani aokoke.

Nilikukasirikia, Mama. Nisikufiche. Nilikaa kwenye vumbi nikikukasirikia kwa kuniacha niamini kwamba imani yako haikuwa na ufa. Halafu nikamuuliza swali moja, na hilo ndilo lililonirudisha Mtwapa nikiwa na akili zangu.

"Na baada ya hapo, aliacha kumwota?"

Baba mdogo ni mkweli, hata ukweli unapomharibia yake. "Hapana," akasema. "Kila akija hapa nilimuuliza. Alimwota mpaka mwaka jana, alipofariki."

Kumbe ulibeba kilio cha Kahindi maisha yako yote. Ulijaribu kukimwagia mnazi hakikunyamaza, ulikiombea hakikunyamaza, na bado ulikuwepo kwenye benchi lako kila Jumapili na chupa yako ya maji. Yale uliyoniambia ukinisugua mgongo uliyasema ukiwa umeshatoka huko nyuma ya mihogo. Sasa ndipo nayasikia. Zamani nilidhani ulikuwa unanihubiria.

Nilimwomba baba mdogo radhi. Nikamwambia mnazi anywe yeye, usiharibike, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Koma hakuisimamisha. Aliiegemeza ukutani akasema mti haudai chakula, itangoja, nikibadilisha nia nijue ilipo. Nilipoondoka nilijua kwamba ipo pale, na mpaka sasa najua ipo pale.

Usidhani nimekuwa jasiri. Daktari ameniambia nijitayarishe, siku zozote kuanzia sasa, na nimefunga mzigo wangu, na mkweo ameuangalia mara ngapi sijui. Kila mtoto anapotulia tumboni kwa muda mrefu, najikuta nawaza kile kijiti kilichoegemea ukuta. Nikiomba, naomba nikiwa nimekishika kitanda. Naomba kama mtu anayemkumbusha mkubwa wake ahadi, kwa adabu lakini bila kuondoka mlangoni. Sijaahidiwa mtoto huyu. Namtaka, Mama, namtaka kuliko kitu chochote, nami nimemwambia Mungu hivyo bila kupamba. Kisha nimemwambia kwamba akinipa au asinipe, asithubutu kuniacha. Sijui kama hiyo ni sala ya Mkristo. Ndiyo niliyonayo.

Mchana nitalala, nawe utakuja. Njoo. Sitafunga mlango wala sitamwita mtu wa kukuzuia, maana nimeshaelewa kwamba siku usipokuja nitakuwa nimekupoteza mara ya pili. Ukiniomba maji nitakuambia kweli: sina cha kukupa, Mama. Nilikukabidhi kwa aliyesema hatakuacha. Kama ana maji, unayo. Na kama hana, basi sote wawili tuliimba bure, na Kahindi naye anasubiri bure, na hilo siwezi kuliamini hata nikiogopa hivi.

Kwaheri ya leo tu,

Mwanao, dada yake Kahindi.