Nataka Kushuka

Melini
Jumatatu, 3 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Shemeji fundi viatu hajambo? Mimi mwili hauna neno.

Usishtuke kupata barua yangu kutoka simu ya mtu usiyemjua. Ni ya msusi wa humu melini. Naandika kwa mkono nikiwa kwenye kiti chake, naye anapiga picha na kukutumia. Simu yangu anayo mume wangu. Anasema tumekuja kupumzika. Saluni ndipo mahali pekee asipoingia, kwa hiyo wiki hii nywele zangu haziishi kuharibika.

Tunapita kandokando ya pwani, taratibu, na watu wote wako juu wanapiga picha miamba na fukwe. Kweli ni pazuri. Mimi natazama barabara zinakopita. Chumba chetu kina dirisha kubwa lisilofunguka, na kadi zote za mlango zimo mfukoni mwake. Wenzetu wa mezani wanamsifu: mume gani siku hizi anamkatia mkewe nyama? Ananikatia kweli. Na kuichagua anaichagua yeye.

Alhamisi meli itafunga gati mjini kwenu. Nataka kukuona tu, Dada.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
Jumanne, 4 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu, ila mgongo unamsumbua kwa kuinamia soli.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa. Tangu harusi yako, kila nikija kwenu mlinzi ananiambia umelala. Saa nne asubuhi, umelala. Nikajiambia labda sisi wa chumba cha juu ya karakana tumekuwa aibu kwako.

Sasa nijibu bila kuzunguka. Unataka kuniona, au unataka kutoka? Ukitaka kuniona, nitavaa nguo ya sherehe. Ukitaka kutoka, nitavaa viatu vya kukimbilia.

Dada yako


Melini
Jumatano, 5 Juni

Dada,

Shikamoo. Mmeamkaje huko?

Vaa viatu vya kukimbilia.

Hanipigi, usije ukafikiri hivyo. Ndiyo maana sikujua nimwambie nani, wala nianzie wapi. Nikicheka na mhudumu, ananiuliza kwa upole nini kimenichekesha, na ataendelea kuuliza mpaka kicheko kigeuke kosa. Nguo nilizokuja nazo alizipanga yeye. Sikumbuki mara ya mwisho nilipovuka barabara peke yangu.

Kesho amekata tiketi za basi la watalii: mnara wa taa, kisha maduka ya shanga. Kitambulisho changu kimo kwenye sefu ya chumbani, na namba anaijua yeye.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
Jumatano, alasiri

Kitinda wangu,

Marahaba, na pole. Shemeji yako ameacha kazi mezani ananisubiri nimalize kuandika.

Lile duka la shanga la mwisho, lenye pazia la kijani, ni la mwanamke niliyesoma naye. Lina mlango wa nyuma. Anauza na magauni; ingia kama mtu anayejaribu moja. Nitakuwa nyuma ya pazia, na shemeji yako atakuwa nje na pikipiki. Kitambulisho tutakitafuta baadaye. Usibebe kitu. Jilete wewe.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 6 Juni, jioni

Kitinda, mama,

Hujambo? Uko wapi?

Basi lilikuja. Nilichungulia kila uso ulioshuka. Nikambana dereva, akasema viti viwili vimekuja vitupu. Shemeji yako akanikimbiza bandarini, getini wakaturudisha. Meli niliiona kupitia uzio wa waya, na watu juu yake wadogo mno kuwatambua.

Amejua? Amekufanya nini? Nijibu hata neno moja.

Dada yako


Chumba cha abiria, bandari ndogo
Jumamosi, 8 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na naomba uliamini hilo kabla hujaendelea.

Alhamisi hakujua chochote. Hilo ndilo lililonivunja. Aliamka, akatazama nje, akasema kuna joto, tubaki, meli nzima itakuwa yetu. Basi. Nikakaa kando ya bwawa la kuogelea naangalia mapaa ya mji wenu, naye ananipaka mgongoni mafuta ya kuzuia jua. Nikaelewa kwamba mpango wowote tutakaopanga utasubiri yeye aamke vizuri.

Jana alisema nywele zimependeza, saluni haina haja. Leo asubuhi meli ikafunga hapa kuchukua maji. Tulikuwa tunakunywa chai na wenzetu wa mezani. Nikasema nashuka hapa, na sirudi. Wakacheka, wakidhani natania. Yeye akacheka pia, akaniwekea mkono begani, nikausikia uzito wake. Nikasimama hivyohivyo, mkono ukiwa bado hapo.

Alinifuata hadi mapokezi, akamweleza ofisa kwa sauti yake ileile ya upole kwamba mkewe hajalala vizuri, amechanganyikiwa kidogo. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo. Akanigeukia mimi.

"Mama, unataka kushuka?"

"Nataka kushuka."

Akamwambia kwamba abiria hushuka bandari anayotaka, afungue sefu, na asipokumbuka namba fundi wa meli ataifungua. Akaikumbuka.

Ni hivyo tu, Dada. Siku zote hizo ningeweza kumwendea yule mama. Sikujua kwamba naruhusiwa kuuliza.

Msusi alinisindikiza hadi chini, akanionyesha barua yako ya Alhamisi, tukaagana. Mume wangu alisimama juu ya ngazi, akasema meli inaondoka saa tisa na nitakuwa nimerudi kabla. Nikakaa kwenye benchi hapa dirishani. Hakuniita. Alinitazama tu, na kuna nyakati miguu yangu iliinuka yenyewe, nikaishika magoti. Saa tisa ngazi ikavutwa. Alikuwa upande wa huko.

Naandika kwa simu ya karani wa tiketi; yeye atawaelekeza njia ya kufika hapa. Haja ndogo ilikuwa imenibana tangu asubuhi. Meli ilipokwisha kupotea nikasimama, nikageuka huku na huku. Karani akaniuliza namtafuta nani. Nilikuwa natafuta wa kumwomba ruhusa.

Nikaenda. Nimerudi, nimekaa. Njooni.

Mdogo wako,
Kitinda