Shamba Linalopumzika

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na yule jogoo wako kilema bado anatamba uani utadhani ndiye aliyejenga nyumba. Mahindi ya mteremkoni yamebeba vizuri. Maharage ya bondeni yameoza kwa maji.

Mpima ardhi alikuja na makaratasi yake. Nilimtembeza mwenyewe: hapa mahindi, hapa malisho, pale kisimani mboga. Tukafika shamba la juu, lile tunalolipumzisha ili ukirudi ukute udongo wenye nguvu. Akauliza, "Na hapa, mama?" Nikamjibu kwa mdomo wangu huuhuu, "Hapo hatulimi, mwaka wa tatu sasa." Akaandika: ardhi isiyotumika. Nikatia sahihi, tena nikamshukuru.

Juzi lilizungushiwa waya. Lina mwenyewe sasa, na si wewe.

Baba haoni tena, wala hatoki kitandani. Kila asubuhi ananiuliza kama shamba lako limeshapumzika vya kutosha.

Namwambia, "Bado, baba. Bado kidogo."

Ukija, pitia njia ya bondeni.

Ni mimi dada yako, niliyekuponza.